Robo Moja

Swali la nne la mtihani wa jenetiki, mwaka wa pili, nilipata alama zote. Ukiwapandisha wazazi wawili ambao kila mmoja ana aleli M moja na m moja, watoto wanatoka moja kwa mbili kwa moja: robo MM, nusu Mm, robo mm. Unachora kisanduku chenye vyumba vinne, unajaza, unasonga mbele. Desa letu halikusema hao robo ni kina nani.

Nilikutana nao Marekani, nilikokwenda muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mama aliyenipa chumba alikuwa na kondoo, na mbwa wawili wa kuwachunga, aina ya Australian Shepherd. Jina lisikudanganye, mbwa hawa walikuzwa Marekani. Dume alikuwa mweusi, lakini weusi wenyewe umemegekamegeka ukaacha mabaka ya rangi ya majivu, ndiyo maana wenyewe wanamwita wa bluu. Jike alikuwa vilevile, ila pale penye weusi yeye alikuwa na rangi ya kahawia, hadi pua. Marakaraka haya yanaitwa mele. Kwenye nyusi na miguuni wote walikuwa na rangi ya shaba ambayo haikuguswa kabisa. Sikuwahi kuona mbwa wazuri namna ile. Kwetu mbwa ni mbwa tu, anabweka usiku basi.

Jike alipoingia kwenye joto nikaambiwa jambo moja tu: jioni ufunge geti la banda. Jioni moja nikasahau, nilikuwa naongea na nyumbani kwenye simu. Niliporudi nikawakuta wameshanasana. Nikasubiri wakaachana, nikafunga geti, nikanyamaza. Moyoni nikajisemea, kwani shida iko wapi? Wazuri wawili watazaa wazuri.

Nilinyamaza wiki tatu. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko geti, kwa sababu ningesema mapema daktari wa mifugo angeweza kufanya kitu. Niliposema, yule mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaniuliza, "Shuleni kwenu hamsomi jenetiki?"

Usiku ule ndipo nikasoma kama mtu mwenye sapu. Mele inatokana na kipande cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo PMEL, kwenye kromosomu ya 10 ya mbwa. Watafiti walikitambua mwaka 2006. Jeni hiyo inahusika na kutengeneza rangi nyeusi na ya kahawia, haihusiki na nyekundu, ndiyo maana ile shaba ya kwenye nyusi haikuguswa. Mbwa mwenye nakala moja ya kipande hicho anapata mabaka na kwa kawaida anaishi vizuri tu. Akipata nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, rangi inafutika sehemu kubwa na anatoka karibu mweupe. Sasa weupe si tatizo lenyewe. Kumbe ndani ya sikio nako kuna seli za rangi, na zisipokuwepo, zile seli zinazopokea sauti zinakufa wiki chache baada ya kuzaliwa. Macho nayo mara nyingi hayakui sawasawa.

Walizaliwa saba. Wawili weusi, mmoja kahawia kamili, wawili wa bluu, wawili weupe. Ukipiga hesabu ni zaidi ya robo, lakini robo ni ya kwenye karatasi. Kila mtoto anarushiwa shilingi yake mwenyewe. Wapo wafugaji ambao weupe huwaua siku hiyohiyo. Yule mama alisema hapa kwake hapana, tena wale wawili utawaangalia wewe.

Wiki za kwanza huoni kitu, maana watoto wote wa mbwa huzaliwa wamefunga macho na masikio. Ilikuwa wiki ya tano. Nimegonga bakuli la chakula, sita wakakurupuka. Mmoja mweupe akaendelea kulala. Nikagonga tena, nikapiga makofi juu ya kichwa chake. Aliamka pale mwenzake alipomkanyaga. Macho yake yalikuwa madogo kuliko ya wenzake, mboni zimeteremka upande wa chini.

Mweupe wa pili anasikia na anaona vizuri, sijui kwa bahati ya nani.

Nilibaki na wiki tatu kabla ya kurudi nyumbani, nikazitumia kumfundisha yule kiziwi. Nikikanyaga sakafu ya mbao ya baraza mara mbili, anapata mtetemo miguuni, anageuza kichwa kunitafuta. Nikiinua kiganja, anakaa. Nikikifungua chini, anakuja, akigonga miguu ya meza njiani. Asubuhi ya safari nilikanyaga mbao mara mbili. Alikuja mbio, akapitiliza, akarudi kunusa kiatu changu.