Daftari la Mama Laingia Kwenye Tarakilishi

Leo tuupumzishe msimbo kidogo, tuingie jikoni. Kwa miezi kadhaa sasa jioni zangu nyingi nimekuwa nikihamisha mapishi ya Mama kutoka kwenye madaftari mawili ya shule hadi kwenye tarakilishi. Ukiitazama kwa mbali ni kazi ndogo, lakini imenifunza mambo kuhusu data ambayo ofisini sikuyapata. Nimeona niwaeleze, kwa sababu najua wengi wenu mna daftari kama hilo nyumbani, au mna mama ambaye daftari lake liko kichwani.

Wazo la kuweka mapishi kwenye mashine si geni. Mwaka 1969 duka la Neiman Marcus la Marekani lilitangaza kwenye katalogi yake tarakilishi ya jikoni iliyotengenezwa na kampuni ya Honeywell. Bei yake: dola 10,600! Ilikuwa na ubao wa kukatia mboga, lakini haikuwa na skrini. Mpishi alitakiwa kuzungumza nayo kwa swichi na taa, baada ya mafunzo ya wiki mbili. Hakuna ushahidi kwamba hata moja iliuzwa. Mashine ile ilimtaka mpishi ajifunze lugha yake. Mimi nimeshika kinyume: mashine ndiyo ijifunze lugha ya Mama.

Picha kwanza

Kabla ya kuandika chochote, nilipiga picha kila ukurasa, mchana, karibu na dirisha. Kila picha ina jina la daftari na ukurasa, kwa mfano d1-u07. Picha hushika mambo ambayo kuchapa huyapoteza. Ukurasa wenye madoa mengi ya mafuta ndio uliopikwa zaidi. Pembeni mwa pilau Mama ameandika, "watu 60, mchele kilo 8, nazi zilipungua 2." Hayo si mapishi, ni kumbukumbu ya arusi nzima, na siku utakapopikia watu 60 utaona faida yake.

Kwa nini maandishi matupu

Kazi yangu ya kila siku ni hifadhidata, kwa hiyo rafiki zangu walitarajia nitengeneze majedwali na programu ya simu. Nimechagua faili za maandishi matupu, faili moja kwa pishi moja. Sababu ni umri. Miaka ya 1980 na 1990 watu walihifadhi mapishi kwa programu iitwayo MealMaster, iliyotumia DOS. Leo ni wachache mno wanaoifungua, lakini mapishi yaliyotolewa humo kama maandishi bado yanasomeka kwenye simu yoyote. Programu hufa, maandishi hubaki.

Faili ya mahamri inaonekana hivi:

JINA: Mahamri
CHANZO: daftari 1, ukurasa 7
VIUNGO
unga wa ngano vikombe 4 vya chai
   mizani: gramu 460
sukari ya kiasi, isizidi
   mizani: gramu 80
hamira kijiko 1 cha chai
iliki punje 8, zitwangwe
tui zito la kukandia
   mizani: mililita 260
HATUA
Kanda mpaka unga uache mikono. Funika mpaka uumuke...

Kipimo cha mkono

Umeona ile mistari ya "mizani"? Hapo ndipo kazi ilipo. Mama hapimi kwa gramu. Hupima kwa mkebe wa Kasuku, kwa kikombe chake cha chai, kwa konzi, na kwa "kiasi". Nilikwenda Mombasa na mizani ndogo ya jikoni, nikawa napima bakuli kabla hajatia kitu na baada ya kutia. Yeye alipika kama kawaida, mimi niliandika. Kikombe chake kinabeba mililita 200, ilhali kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni kama mililita 237. Konzi yake ya mchele ilikuwa gramu 40; yangu 55. Ukifuata daftari lake kwa mkono wangu, chungu kinabadilika.

Kanuni yangu ni hii: maneno ya Mama hayafutwi. Kipimo cha mizani hukaa chini yake kama maelezo. Nikiandika gramu 80 peke yake, nimepoteza "isizidi", na hilo ni onyo la mtu aliyewahi kuona mahamri yakiungua nje yangali mabichi ndani.

"Mpaka" si dakika

Neno linalojirudia zaidi kwenye madaftari yale ni "mpaka". Kaanga mpaka harufu ibadilike. Chemsha mpaka mafuta yaelee juu. Mtu wa tarakilishi hutamani kuligeuza kuwa dakika 10. Lakini sisi tunaoandika programu tunajua kuna kazi unayoirudia mara 10, na kuna ile unayoirudia mpaka sharti litimie, na hizo mbili si kitu kimoja. Jiko la makaa, gesi na stima haviivishi kwa mwendo mmoja. Dakika zinajua jiko la Mama peke yake. "Mpaka" inajua jiko la kila mtu. Kwa hiyo nimeiacha ilivyo.

Kiungo kimoja, majina matatu

Utafutaji nao una vituko vyake. Mama huandika uzile, dada yangu huandika bizari ya pilau, na mwenye duka ninaponunua huita jira. Mbegu ni zile zile! Vivyo hivyo thomu na kitunguu saumu, dania na giligilani. Nimetengeneza faili moja ndogo ya visawe, na programu fupi huisoma kabla ya kutafuta, hivi kwamba ukiandika jina moja unapata yote. Neno "bizari" likiwa peke yake sikuliunganisha na lolote, maana kwa huyu ni manjano na kwa yule ni mchanganyiko wa viungo. Hapo bora programu ikuulize.

Faili zote zinalindwa na Git, ile programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux. Dada yangu anaishi Muscat na hutumia tui la mkebe. Huongeza maelezo yake chini, kwa jina na tarehe, na sote tunaona nani kaongeza nini.

Faili moja tu haina hatua: achari ya ndimu ya marehemu shangazi, aliyetutoka mwaka 2023. Hakuandika popote. Sisi ndugu watatu tumeandika tunavyokumbuka ladha yake, na hatukubaliani hata kuhusu sukari. Nimeyaacha maelezo yote matatu. Hakuna chombo cha kurejesha data ambayo haikuwahi kuandikwa.

Kwa hivyo, msomaji, usisubiri programu nzuri zaidi. Simu uliyonayo yatosha. Piga picha za daftari wiki hii, weka nakala mahali pawili, kisha mwombe mpishi wa kwenu apike lile pishi ambalo yeye tu ndiye alijuaye, nawe umrekodi sauti akieleza. Mama siku hizi hahitaji kuombwa. Hunitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, sufuria ikilia nyuma yake: "Mwanangu, andika na hii."

Tuonane makala ijayo. Nitaeleza jinsi ile programu ya visawe inavyofanya kazi, mstari kwa mstari.