PS, MP na DC

Usiku mmoja wa 2014 nilikuwa nimekaa jikoni kwangu Nairobi, watoto wamelala, simu mkononi, nikisoma maneno ya mama mmoja wa Marekani anayewasomesha wanawe nyumbani. Alisema amemtoa mwanawe PS, kwamba mwakani ataachana na MP, na kwamba DC wake wanampandisha wazimu. Nikarudia kusoma. Kwetu Kenya PS ni katibu wa wizara, MP ni mbunge na DC ni mkuu wa wilaya, cheo ambacho kwa wakati huo serikali ilikwisha kukibadilisha jina lakini midomo ya watu ilikuwa bado haijakubali. Nikajiuliza mama huyu ni nani, hata akashindana na serikali nzima kwa pumzi moja.

Nilikesha kutafuta maana. PS ni shule ya serikali. MP ni Memoria Press, wachapishaji wa Kentucky wanaojulikana kwa vitabu vya kufundishia Kilatini. Na DC, wale wapandisha wazimu, ni watoto wapendwa. Kumbe D ile ni ya mapenzi: DH ni mume mpendwa, DD binti, DS mwana wa kiume. Ukiandika DD8, umesema una binti wa miaka minane na jina lake hulitaji.

Mimi nilikuwa na huyo DD8. Alikuwa darasa la pili, na kila Jumapili magharibi tumbo lilikuwa likimuuma. Daktari hakuona ugonjwa. Siku moja nikaupima mkoba wake kwa mkono nikaona kwamba mimi mwenyewe ningeubeba kwa shida. Baba yake akasema, "Mtoe, tujaribu mwaka mmoja." Hatukumjua mtu yeyote aliyejaribu. Ndiyo maana nikawa mgeni wa wale akina mama wa mbali, na kila mgeni hujifunza lugha ya mwenyeji.

Nilinunua daftari la kurasa 96, nikaandika juu "Maneno Yao". Hadi leo ninalo. Ukurasa wa kwanza kuna CM, nimeizungushia duara mara tatu. Ni Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyezaliwa 1842 na kufariki 1923, aliyefundisha kwamba masomo ya mtoto mdogo yawe mafupi, atoke nje akatazame mimea na wadudu, na asomewe vitabu vyenye uhai ndani yake. Chini yake kuna SOTW, historia ya dunia katika majuzuu manne iliyoandikwa na Susan Wise Bauer. Kuna OOP, kitabu ambacho hakichapishwi tena, yaani usijisumbue kukitafuta. Kuna HSLDA, chama cha utetezi wa kisheria kilichoanzishwa Marekani 1983 kuwatetea wazazi wa aina yetu. Na kuna neno lisilo kifupisho lakini lililonisumbua kuliko vyote, unschooling, lile la John Holt, ambaye tangu 1977 alikuwa na jarida lake la kuwahimiza wazazi wamwache mtoto ajifunze kwa kuishi, bila kumgeuzia nyumba kuwa darasa. Kando ya neno hilo niliandika: "Kutoshulisha? Hapana. Uliza."

Baada ya miezi mitatu niliweza kusoma ujumbe wao bila daftari. Baada ya sita nilikuwa naandika kama wao. Kichwa kilinivimba. Kumbe nilikuwa nimejifunza kusema tu, kufundisha bado.

Mwaka uliofuata nikagundua kwamba hata Nairobi wapo wazazi wa aina yetu, na wana herufi zao. Rafiki mmoja alinipeleka kwenye kituo cha familia zinazofuata ACE, mtaala wa Kikristo ulioanzia Texas 1970. Sikuwa nimewahi kuona darasa kama lile. Kila mtoto ameketi kwenye kijimeza kilichozibwa kwa mbao pande zote mbili, ameelekea ukutani, na juu ya meza ana vibendera vidogo. Akikwama hapigi kelele: husimamisha kibendera na kungoja mtu mzima aje. Akimaliza ukurasa huenda mwenyewe kwenye meza ya majibu, akajisahihisha kwa kalamu nyekundu. Masomo yamegawanywa katika vijitabu viitwavyo PACE, kumi na viwili kwa mwaka kwa kila somo, na vimepewa namba. Wazazi pale hawakuulizana mtoto yuko darasa la ngapi. Walisema, "Wangu yuko 1037," na wenzao wakajua kwamba ameanza mwaka wa nne.

Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, vijitabu vile havikunifaa. Lakini nilisimama pale nikajiona mdogo tena, nimekaa mkekani chuoni, kila mtoto na mahali pake: huyu yuko Amma, yule ameingia Tabaraka, na wakubwa wakiwashika wadogo. Hatukuwa na madarasa. Ukimtajia mtu sura uliyofika, alikujua ulipo.

Herufi nyingine zilikuwa za kujificha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na wengi wetu hatukujua chifu akibisha mlango tutamwambia nini. Kwa hiyo mbele ya majirani hatukusema tunasomesha nyumbani. Tulisema "tuko HS", yaani homeschool kwa kifupi, haraka haraka, kama mtu anayetaja shule yenye jina refu. Mwenye nyumba wangu alidhani ni shule ya kimataifa na akanipongeza. Nikapokea pongezi nikanyamaza. Tukiulizwa mtihani tulijibu "IGCSE", na hapo maswali yaliisha, kwa kuwa Cambridge humpokea mtahiniwa wa kujitegemea na jina lenyewe lina uzito wake.

Hadi hapo tulikuwa akina mama kumi na wawili katika kundi letu la simu, na tukaona si vizuri kuishi kwa herufi za kuazima. Isitoshe, kwetu mambo ni kinyume: Mmarekani humficha mtoto ndani ya herufi, sisi mtoto ndiye humpa mzazi jina. Mimi ni Mama fulani kwa kila mtu, tangu muuza mboga hadi imamu. Majina ya watoto yalikuwa yamezagaa kundini. Kwa ajili ya ule woga wa chifu tukakubaliana tuyaondoe, tutunge vifupisho vyetu.

Mume alikuwa rahisi: BW, baba watoto, na kwa bahati nzuri pia ni Bwana. Kwa mtoto wa kwanza mmoja akapendekeza KM, kifungua mimba. Tukashangilia. Kesho yake mama mmoja akaandika kwamba KM wake hataki kabisa kusoma, afanyeje? Ushauri ukamiminika: mpe simu kwa masharti, mtafutie kazi ya mikono, ongea naye kama mtu mzima. Jioni akatuuliza kama kweli tunataka mtoto wa miaka minne apewe simu kwa masharti. KM wake ilikuwa kitinda mimba. Mwingine akatukumbusha kwamba vitabuni k.m. ni "kwa mfano". Tulicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo tukaandika kifungua mimba na kitinda mimba kwa ukamilifu, na hakuna aliyelalamika kwamba kidole kimechoka.

Funzo la pili nililipata Mombasa, kwa mama yangu. Nilikuwa namweleza kwa majivuno jinsi CM anavyotaka mtoto asomewe mara moja tu, kisha aseme aliyoyasikia kwa maneno yake.

"Mwanangu," akasema huku akipepeta mchele, "wewe ulikuwa ukiambiwa paukwa, ukasema pakawa, ukapewa hadithi. Kesho yake nani alikuwa akiitoa?"

"Mimi, mama."

"Na ukiikosea?"

"Ulikuwa unanirudisha mwanzo."

"Basi huyo Mwingereza mwambie nimemsalimu."

Nilirudi Nairobi nikafuta neno la Kiingereza katika ratiba yetu nikaandika "kusimulia". Vile vitabu vya kitoto visivyo na kitu, ambavyo Mason alivikataa kwa neno lake la dharau, nikaviita porojo. Wanangu walilielewa siku hiyo hiyo. Kitinda mimba akaanza kuvirudisha rafuni mwenyewe akisema, "Porojo hii."

Kisha ikaja Machi 2020. Shule zilifungwa nchi nzima, na kufumba na kufumbua kila mzazi wa Kenya akawa HS. Kundi letu la kumi na wawili likavuka mia mbili. Waliokuja walikuwa wamechoka na wana hofu, wakiuliza vifurushi vya intaneti na kazi zilizotumwa na walimu kwa simu. Kwao HS ilikuwa shule iliyohamia sebuleni kwa nguvu, na kwetu ilikuwa uamuzi wa miaka. Herufi mbili zilezile zikabeba mizigo miwili isiyofanana. Nilijikuta nikiandika aya nzima pale nilipozoea kuandika herufi: tunafanya nini, saa ngapi, kwa nini. Nilishangaa mara ngapi nilishindwa kumaliza hiyo aya.

Shule zilifunguliwa kwa wote tarehe 4 Januari 2021, na machifu wakatakiwa kuhakikisha kila mtoto amerudi. Wiki ya pili mzee wa nyumba kumi akatukuta langoni. Nilikuwa nimeshika mfuko wa sukuma wiki, kitinda mimba kando yangu, miaka saba.

"Huyu hajarudi shule?" akauliza.

Nikafungua kinywa niseme nilivyozoea. Mtoto akaniwahi.

"Shikamoo babu. Mimi nasoma nyumbani. Mama ananifundisha."

Mzee akanitazama, akamtazama. "Haya. Leo umesoma nini?"

Kijana akavuta pumzi kama nyanya yake anavyofanya kabla ya hadithi, akaanza na mchwa: malkia wao, kichuguu, na vile njia zake zinavyopitisha hewa. Hakuruka kitu. Mzee aliegemea lango, fimbo kwapani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali kuhusu mchwa wanaokula paa lake.

Mfuko wa sukuma wiki ulikuwa umeanza kunikata vidole. Sikuuhamisha mkono.