Diski Mbovu ni Ipi?

Swali hili limenifikia tena wiki hii: "Nimeongeza diski kwenye seva ya Linux, nikaiwasha upya, sasa ile iliyokuwa sdb imekuwa sdc. Nimeharibu nini?" Hujaharibu kitu, ndugu yangu. Majina hayo ndivyo yalivyo.

Zamani za zile kebo pana za IDE, jina lilifuata mahali diski ilipochomekwa. Kebo ya kwanza ilikuwa na hda na hdb, ya pili hdc na hdd, basi. Majina ya sda, sdb na wenzao hutolewa kwa jinsi diski zinavyogunduliwa seva inapoamka. Fikiria foleni ya zahanati: leo namba 2 ni wewe, kesho ni mtu mwingine kabisa. Hakuna anayeandika namba ya foleni kwenye kitambulisho.

Lakini mafundi tunaiandika. Mwaka jana niliitwa Nakuru, kwenye sacco moja ndogo. Seva yao ilikuwa na diski ndogo ya mfumo, na mbili za terabaiti 4 zilizounganishwa kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili. Moja ilikuwa imekufa nusu. Fundi aliyetangulia alisoma kwamba sdb ina hitilafu, akafungua sanduku, akahesabu kutoka juu, na ile ya pili akaibandika karatasi: MBOVU.

"Fundi, si ni hiyo tu yenye karatasi?" mhasibu akaniambia. "Itoe, uweke mpya, watu wanangoja pesa zao."

Nikamwomba dakika kumi. Kila diski ina nambari iliyochapishwa na kiwanda kwenye kibandiko chake, na nambari hiyo haibadiliki hata ukiihamishia tarakilishi nyingine. Ukiandika

ls -l /dev/disk/by-id

utaona nambari ipi leo imepewa jina lipi. Kisha

mdadm --detail /dev/md0

itakuonyesha ni ipi bado inafanya kazi ndani ya RAID. Mimi hutafuta kwanza ile nzima, wala si ile mbovu, kwa sababu nzima ndiyo sitaki kuigusa. Nikaandika nambari yake kwenye karatasi, tukazima seva, nikamulika tochi ya simu ndani ya sanduku.

Nambari ile ilikuwa kwenye diski yenye karatasi ya MBOVU.

Sasa hesabu hasara. Diski iliyougua ilikuwa imetolewa kwenye RAID miezi mitatu nyuma, na tangu siku hiyo haikuandikwa kitu. Tungeichomoa yenye karatasi na kuitupa, iliyobaki ingekuwa na vitabu vya miezi mitatu iliyopita: kila aliyeweka akiba baada ya hapo hayumo, kila aliyelipa mkopo bado anadaiwa. Nakala ya akiba nje ya seva? Hawakuwa nayo. (Tafadhali, RAID si nakala ya akiba. Ukifuta faili, inafutwa kwenye diski zote mbili papo hapo.)

Basi kwanza nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, ndipo nikatoa ile mbovu yenyewe, nikachomeka mpya na kuiingiza kwa mdadm --add. Hapo ni kungoja tu. Terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7, na muda wote huo unategemea diski moja. Hakikisha UPS ina chaji, maana stima zetu mnazijua. Maendeleo utayasoma kwenye /proc/mdstat: [U_] ikigeuka [UU], nenda kalale.

Mambo mawili madogo. Kwenye /etc/fstab tumia UUID, ambayo utaipata kwa blkid, usitumie sdb1. Na kama diski si ya mfumo, ongeza nofail, la sivyo siku ikikosekana seva inaweza kukataa kuamka na wewe uko Mombasa.

Halafu ile miezi mitatu ya kimya. Seva haikuwa kimya. Ilikuwa ikituma barua pepe kwa fundi aliyeacha kazi zamani, kwa sababu anwani yake ndiyo iliyobaki kwenye mstari wa MAILADDR wa mdadm.conf. Fungua yako leo uone imeandikwa nani, kisha ujaribu:

mdadm --monitor --scan --oneshot --test

Barua isipokufikia, anza na hiyo kabla hujanunua diski yoyote.