Karo la Malaba

Wake wengi wa pwani huijua Malaba kwa jina tu: ndiko mume alikosema amefika, kisha simu yake ikazima. Kutoka bandari ya Mombasa hadi mpaka huu ni zaidi ya kilomita 900, na dereva akishafika huweza kukaa katika foleni siku nzima, mbili, pengine na zaidi, akingojea karatasi zake zipite. Mwezi wa Mei mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, malori yalijipanga makumi ya kilomita. Watu waliuliza wanakula nini na wanalala wapi. Wachache mno waliuliza wanajisaidia wapi, ilhali hilo ndilo swali ambalo Mwislamu hawezi kuliahirisha, kwa kuwa swala tano haziingojei foleni.

Mimi na mume wangu tuna nyumba ndogo ya wageni upande wa Kenya, si mbali na kituo cha mpakani. Vyumba ni vinane, misala mitatu, na uani pana mahali pa kutawadhia. Wageni wetu wengi ni watu wa kwetu pwani, na wapo wasiokuja kulala bali huja kuoga, kutia udhu, kuswali, kisha hurudi kwenye usukani. Huingia kwa haya, kwa sababu wengine wamejizuia tangu Bungoma. Ipo pia njia ya Busia, kama kilomita 30 kusini mwetu, na foleni ya huko ikipungua madereva huhama kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo kuna juma tunalokaa bure na juma ambalo watu wanapanga mstari mbele ya milango mitatu ya choo.

Chini ya yote hayo lipo karo moja la saruji, lenye vyumba viwili. Huku wanaliita septiki. Katika masika ya mwaka juzi, juma moja lenye foleni ndefu, karo hilo liliziba.

Lilianza kwa sauti. Ukimwaga maji katika msala wa kwanza, msala wa tatu ulikuwa unaguguma kama mtu anayesukutua. Siku ya pili maji yalipanda badala ya kushuka. Siku ya tatu uchafu ulianza kuchuruzika kwenye ukingo wa mfuniko, na hapo ndipo moyo ulipopiga, kwa sababu kiwanja chetu kina mteremko, na chini ya mteremko kuna kisima cha jirani yetu, mama wa Kiteso ambaye wajukuu wake wote hunywa humo. Kisima kile kiko zaidi ya mita 30 kutoka kwenye karo, umbali ambao mafundi wa afya hupenda kuutaja. Lakini umbali huo ni wa maji yanayopenya taratibu ndani ya udongo. Maji yanayotiririka juu ya ardhi katika mvua ya Malaba hayahesabu mita. Sote tumefundishwa madrasa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kujisaidia katika maji yaliyotuama na mahali watu wanapochota maji. Sioni tofauti kubwa kati ya mtu anayefanya hivyo mwenyewe na nyumba inayofanya hivyo kwa niaba yake.

Tulifunga misala miwili, tukachimba kijifereji na kuweka tuta la udongo juu ya kisima. Kisha zikaja nasaha. Mmoja alisema tumwage asidi ya betri. Mwingine alisema dawa kali ya kung'arishia nguo, chupa sita kwa mpigo. Wa tatu alitaka vyote viwili, na huyo angeliweza kutuua, kwa kuwa dawa ile ikichanganyika na asidi hutoa hewa ya sumu. Hata moja pekee ni hasara. Karo si shimo tu. Ndani yake wamo vijidudu wasioonekana ambao kazi yao ni kuula uchafu. Mafuta huelea juu yakawa utando, mashapo mazito hutuama chini, na katikati hubaki maji ambayo hupita chumba cha pili na kwenda kunyonywa na ardhi. Ukiwaua vijidudu, umeiua mashine yenyewe.

Nasaha ya nne haikuwa maneno. Alikuja kijana wa mtaani, miaka ishirini hivi, na ndoo, kamba na buti za mpira.

"Mama, nifungulie mfuniko nishuke. Saa mbili tu, nitakuwa nimemaliza."

"Hapana, mwanangu. Hushuki."

"Nimeshashuka mengine, mama. Nimeyazoea."

Dereva mmoja wa makamo, mtu wa Kwale, alinivuta kando kwa adabu. "Bi mkubwa, mwache kijana apate riziki yake. Watu wanateseka hapa."

Nilimwelewa. Mstari wa mbele ya mlango mmoja uliobaki ulikuwa mrefu, adhuhuri ilikuwa imekaribia, na bei aliyoitaja kijana ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na ile ya lori la kunyonya maji taka. Lakini ndani ya karo lililofunikwa hukusanyika hewa iitwayo haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo, pua huisikia. Ikizidi, huipofusha pua yenyewe, na mtu hudhani harufu imekwisha, naye yuko karibu kuanguka. Mwenzake akishuka kumwokoa huanguka juu yake. Ndiyo maana habari za vifo vya mashimoni mara nyingi si za mtu mmoja. Imo pia methani, ambayo hushika moto, na kijana yule alikuwa na sigara nyuma ya sikio. Nilimwambia riziki yake ataipata kwa jembe, juu ya ardhi, na nitaeleza kazi gani baada ya kitambo.

Lori lilifika jioni, la lita 10,000, limechelewa kwa foleni ileile. Mfuniko uliachwa wazi kwanza, watoto wakaondolewa uani, kisha mpira ukateremshwa. Ukanyonya kidogo, ukakoroma, ukanyamaza: umeziba nao. Fundi alitumia mti mrefu kuuvunja utando, akaingiza maji kwa nguvu kulainisha mashapo, ndipo kazi ikaenda. Kwenye mdomo wa bomba la kuingilia alivuta kwa ndoano kitu kilichotuziba, akakitandaza kwenye nyasi bila kusema neno. Zilikuwamo nepi za kutupwa, zimevimba kama mito. Zilikuwamo pedi, kitambaa cha kanga, mifuko, na karatasi za gazeti zilizogeuka uji. Juu ya hivyo vyote uchafu mkavu ulikuwa umejijenga kichuguu chini kabisa ya bomba.

Kichuguu kile ndicho kilichonifunza zaidi, maana hakikutokana na nepi peke yake. Mferejini maji yalikuwa yamekatika kwa siku kadhaa, na wageni, kwa huruma yao kwetu, walikuwa wakimwaga nusu kopo. Nimesoma kwamba Marekani kuna familia zinazosafiri katika magari yaliyo nyumba kamili, kitanda, jiko na choo, na tangi la uchafu chini ya sakafu, na kwamba ugonjwa mkubwa wa matangi yale ni huohuo: watu wanabana maji ili tangi lisijae upesi, uchafu unakauka na kusimama wima chini ya choo. Tajiri wa huko na dereva wetu wa lori wameangukia kosa moja. Choo hutaka maji mengi kwa mkupuo mmoja, si matone mengi kwa siku nzima.

Basi maji tuliyapunguza kwingine. Kijana wangu wa jembe alichimba mfereji, na maji ya udhu, ambayo hayana najisi, sasa yanakwenda kwenye migomba badala ya kwenda kulijaza karo. Kila msala una ndoo yake iliyojaa, hata mferejini pakiwa pakavu, na sipangishi chumba ambacho siwezi kukijazia ndoo. Mafuta ya kukaangia hayapiti tena karoni.

La nepi na pedi lilikuwa gumu zaidi, na hapa nazungumza na dada zangu. Mwanamke mgeni katika nyumba ya watu hatupi pedi chooni kwa uzembe. Hutupa kwa sababu ya stara. Haoni pengine pa kuiweka pasipo macho ya wanaume foleni nzima. Kumbandikia tangazo ukutani la kumkataza ni kumwongezea aibu tu. Niliweka katika msala wa wanawake pipa lenye kifuniko, mifuko ya karatasi, na sabuni. Jioni mimi mwenyewe hulitoa na kuvichoma vilivyomo katika shimo la nyuma. Tangu hapo fundi hajavuta kitu kwenye bomba.

Kulipima karo hakuhitaji mtu kushuka. Mti mrefu huzungushiwa kitambaa cheupe, huteremshwa hadi chini, hukaa dakika chache, kisha hutolewa polepole: mashapo huacha alama nyeusi. Yakifika theluthi ya kina, lori huitwa, foleni iwepo au isiwepo. Tunapima Muharram na Rajab. Rajab iliyopita alama ilikuwa haijafika robo.