Skuta Iligoma Mbamba Bay, Ndoa Ikapata Chaji

Usiombe skuta ya umeme ikugomee ufukweni saa moja asubuhi, mumeo kashika spana na hataki kusikia la mtu. Mimi yamenikuta.

Tulitoka Mbinga mjini Jumamosi, mimi nyuma, begi moja tu. Mbinga ni baridi, koti huvui. Kahawa huku na huku, na migongo ya milima imejaa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yenye matuta pande nne. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni badala ya kuzoa udongo. Kutoka hapo hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, na mwisho wake ni kushuka kwelikweli, maana Ziwa Nyasa liko chini, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari.

Kushuka kuna raha na kesi yake. Skuta yetu haina gia ya kuizuia, kazi yote ni ya breki. Tukisikia harufu ya kuungua tunasimama, zinapoa, tunapiga picha. Hapo bado tunapendana.

Jioni tukala mbasa wa kuchoma na ugali. Mwenyeji wetu akatusimulia ya Liuli, kaskazini kidogo. Agosti 1914, meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Gwendolen ya Waingereza ikaja na mizinga, wenyewe hata habari za vita hawana. Tukacheka. Hatukujua kesho ni zamu yetu.

Kimya

Asubuhi betri imejaa, taa zinawaka, honi inalia. Ukivuta akseleta, kimya! Mwenzangu akafungua kiti, akachomoa fyuzi, akakagua waya mmoja mmoja. Saa nzima.

"Tumwite fundi?"

"Fundi gani wa skuta ya umeme huku?"

Hapo likanitoka lililokuwa rohoni. "Hela ya kiwanja umenunulia hii, bila kuniuliza!" Akanyamaza. Nikaenda kukaa kwenye ukingo wa mtumbwi.

Mzee mmoja akapita na nyavu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Limelala hapo hapo mchangani?"

Swali la kawaida tu, lakini nikainama kutazama. Stendi ya pembeni imepandishwa, ila swichi yake imejaa mchanga, imenata. Skuta nyingi hukata mota stendi ikiwa chini, usije ukaondoka nayo hivyo. Yetu ilidhani bado imeegeshwa! Brashi ya meno, kitambaa, ikaachia. Mume wangu akanitazama, akacheka kwa aibu.

Mlima una bei

Kupanda ndiyo shughuli. Betri yetu, volti 72 na ampea-saa 32, inabeba kama uniti mbili na robo za Luku. Watu wawili na mlima ule, haitoshi kufika Mbinga. Katikati ya njia tukaomba umeme dukani, tukalipia, tukakaa kwenye benchi saa mbili na nusu.

Ndipo tukaongea. Akasema aliona aibu kila siku kuomba lifti kazini. Nikasema sikukasirishwa na skuta, nilikasirishwa na kufichwa. Tukakubaliana hela ya kiwanja irudishwe kidogo kidogo, kila mwezi, na asinunue mtu kitu kikubwa peke yake. Mwenye duka akatuletea chai, hakuuliza kitu.

Tulifika Mbinga magharibi, chaji inapepesa, mimi nimemkumbatia kwa nguvu. Baridi, jamani!

Ikigoma, anza hivi

• Taa zinawaka lakini haiendi: tazama stendi, kisha mikono ya breki. Mkono usiporudi vizuri, mota nayo inakatwa.

• Haiwaki kabisa: angalia swichi kuu, kisha fyuzi. Fyuzi mpya iwe ya ampea zile zile. Ikiungua tena, peleka kwa fundi.

• Nguvu inapungua mlimani: huenda mota au kontrola imepata joto. Simama kivulini, ipoe.

• Chaji inaisha mapema: pima upepo wa tairi kabla ya kulaumu betri.

• Imelowa: usichaji mpaka ikauke.

Na mwenzio akiuliza, "Tumwite fundi?", usimjibu kwa hasira. Huenda fundi ni yeye.