Hodi Isiyo na Mlango

Mgeni apigaye hodi katika visiwa hivi hupiga mara moja akangoja, ya pili akangoja, na ya tatu isipoitikiwa hugeuka akenda zake bila ya kinyongo. Dini imefunza hivyo. Mlangoni, hata hivyo, yapo mengi ya kumsaidia: sauti yake husikika, mavazi yake huonekana, na jirani aliye barazani huwa keshamuuliza atokako. Katika intaneti hapana baraza wala jirani. Usiku wa manane huja neno moja, “Mambo”, kutoka kwa mtu ambaye sura yake ni picha ya ua la waridi. Aliyeletewa hana pa kulishikia. Akijibu “Poa”, maneno yamekwisha, akinyamaza, huandikiwa “Mbona kimya?”, na mgeni amegeuka kuwa mdai.

Barua za Waswahili wa zamani zilitanguliza jina la anayepelekewa na heshima yake, zikafuata salamu na habari za afya, kisha “wabaadu”, na hapo ndipo haja ikatajwa. Vijana huuona urefu ule ni adha. Lakini msomaji alikwisha kumjua mwandishi kabla ya kuombwa kitu. (Matapeli nao, ni kweli, wamejifunza salamu ndefu, ila salamu zao zaweza kupelekewa mtu yeyote.)

Washairi walilijua jambo hili zaidi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa uwanja wao. Mtunzi alitoa suala kwa beti, na mwengine wa mji wa mbali, asiyemjua kwa sura, akamjibu kwa vina na mizani ile ile. Kuvifuata vina vya mtu ni ushahidi kwamba amesomwa mpaka mwisho.

Kijana mmoja wa Pemba alimwandikia bibi mmoja aishiye Muscat, ambako Kiswahili kingali kikisemwa majumbani mwa wengi waliotoka huku. Hawakuwa wakijuana. Baada ya salamu alijitaja yeye na kijiji chake, akaandika: “Nimesoma uliyoyaeleza juu ya kusuka ukili. Marehemu nyanya yangu alikuwa akiimba akisuka, nami nimebakiwa na ubeti mmoja usio na kituo. Ikiwa waujua, nifadhili. Ikiwa haikuwezekana, sina lawama.” Akauweka ubeti wenyewe, mishororo mitatu, asiongeze neno.

Siku ya kwanza ilipita, na ya pili. Kijana hakuandika tena, ingawa alijua kwamba waliokuwa wakiimba nyimbo zile wanapungua kila mwaka, na kwamba nyumbani kwao hapakubakia wa kumuuliza. Siku ya tisa ukaja ujumbe. Haukuwa na kituo. Ulikuwa na suala: “Nyanya yako alisuka miyaa myeupe au ya rangi? Maana nyimbo zake ni mbali mbali.”

Ilikuwa ya rangi. Kituo hakijapatikana hadi leo; wao wameshafika kwenye mikeka ya arusi.