Muhuri wa Salamu

Muhuri ni chombo cha amri. Katika nchi za Afrika Mashariki heshima yake aghalabu hupita heshima ya kalamu. Barua ya hati nzuri isiyo na muhuri hurudishwa dirishani, na karatasi iliyoandikwa ovyo hufungua mlango ikiwa tu ina duara la wino wa buluu. Jina lake lina asili ya Kiajemi, na tangu zamani kazi yake imekuwa kuthibitisha neno la mkubwa kwa mdogo. Kwa hiyo si jambo dogo kuuona umetoka ofisini, umelala juu ya meza ya jikoni katika nyumba ya Tengeru au ya Usa River, siku za mwanzo za Disemba, ukipigwa juu ya karatasi ya manila kwa ajili ya kadi za Krismasi.

Desturi ya kadi hizo si kongwe. Ya kwanza iliyopigwa chapa kwa kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole aliiagiza kwa sababu wingi wa barua za kujibu ulimwelemea, na John Callcott Horsley akamchorea jamaa wa nyumba moja wakinywa mezani. Baadaye kadi ilipanda meli pamoja na posta, ikaufikia mji wa Arusha na mizigo yake yote: theluji, ndege wa kifua chekundu, farasi wanaokokota gari lisilo magurudumu. Watu walizinunua picha hizo bila kuuliza. Lakini theluji inayojulikana hapa ni ya Kilimanjaro, nayo anga ikiwa safi huonekana Julai kama ionekanavyo Disemba, wala haitangazi sikukuu yoyote. Disemba ya Arusha ni mwezi wa mvua za vuli. Migomba imeshiba maji, mawingu yanauficha na kuufunua Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500, na katika nchi za chini mkrismasi umewasha maua yake mekundu. Mtu anayetaka picha za majira hayo hana budi kuzikata mwenyewe.

Kuzikata si kazi ngumu. Kandambili kuukuu yatosha, kwa maana soli yake ni laini na hukubali wembe. Kifutio cha mwanafunzi hufaa kwa picha ndogo, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli hufaa kikigandishwa kwa gundi juu ya kibao. Mpira si mgeni katika mji huu, uliokuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre mpaka kiliposimama mwaka 2009, na ambao mafundi wake hugeuza tairi chakavu kuwa katambuga za kuvaa miguuni. Mkataji huchora kwa risasi juu ya karatasi nyembamba, huigeuza juu ya mpira na kuisugua, kisha huondoa yasiyotakiwa na kuacha yatakayogusa wino. Picha husamehe makosa, maneno hayasamehi. Neno lazima likatwe kinyumenyume, herufi ya mwisho ikitangulia. Katika HERI, H na I hazijali kugeuzwa, bali E na R zikisahauliwa humpa msomaji mgongo.

Katika miteremko ya Meru yako mambo yanayoutia muhuri uzito zaidi ya huo wa mkono. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi wa Kizungu. Mambo hayo yalitendwa kwa sheria na karatasi za serikali, nyumba zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuyaeleza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, karatasi iliyopigwa muhuri haifunguliwi kwa moyo mwepesi, na mtoto anayeukata muhuri wake kwa wembe ili amtakie jirani heri anakigeuza chombo ambacho babu zake walikiogopa.

Ipo picha moja inayostahili kukatwa kabla ya nyota na mishumaa, nayo ni ya isale. Kwa Wachaga, ambao lugha yao ni ndugu ya Kimeru, isale hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, na jani la isale hilo hilo hupelekwa na mkosaji kwa aliyekosewa kuomba msamaha. Ni vigumu kwa mtu muungwana kulikataa. Ardhi ya mlimani ni finyu, na ndugu waliogawana kihamba cha baba hugombania hatua mbili za udongo mpaka wakaacha kusalimiana. Jani lilikuwa barua kabla ya barua.

Hapana shaka atakuwako wa kusema kwamba simu hufikisha salamu kwa kufumba na kufumbua, tena kwa watu mia mbili pamoja. Na kwamba muhuri nao hurudiarudia, basi tofauti iko wapi? Hoja hiyo ina nguvu. Lakini wino wa muhuri hupungua. Pigo la kwanza hutoka zito, la nne hufifia, la tano hukosa ncha kwa sababu kidole kimeegemea upande mmoja. Kadi 20 za muhuri mmoja si kadi moja, na mwenye kuzipiga hulazimika kuamua nani apewe ipi, jambo ambalo simu haimtaki mtu alifikirie.

Zikikauka, hutiwa katika bahasha na kupelekwa Posta, karibu na Mnara wa Saa, ambako karani huzipiga muhuri mwingine, wa tarehe. Nyingi huandikwa sanduku la posta la shule au la kanisa, zikapita mikononi mwa watu watatu wanne kabla ya kufika. Moja haipelekwi huko. Ni ile iliyotoka safi kuliko zote, isale limesimama katikati bila doa. Imewekwa kando kwa ajili ya nyumba iliyo ng'ambo ya mpaka, na ndani yake hamna neno ila jina.